Mbao, Gundi na Kitambaa: Ndege Ndogo Zilizotangulia Vita

Wakazi wa Olenguruone wajua vema maana ya njia mbaya. Mvua za Mau zikianza kunyesha udongo hugeuka uji, na gari lililopakia viazi au pareto kwenda Molo huweza kulala njiani siku nzima. Watu walioishi katika nyanda hizi kabla ya Vita Kuu ya Pili waliionja taabu hiyo kupita sisi, maana barabara zilikuwa chache na magari yalikuwa machache zaidi. Basi si ajabu kwamba watu wawili waliojipatia sifa duniani kwa kurusha ndege ndogo walitoka katika mashamba ya upande huu huu wa Bonde la Ufa. Mmoja ni Beryl Markham, aliyeletwa Kenya kutoka Uingereza akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro katika shamba la baba yake, Kapteni Clutterbuck. Wa pili ni Tom Campbell Black, aliyekuwa na shamba Rongai, na ndiye aliyemfundisha Bibi Markham kazi ya urubani.

Habari za ushujaa wao zimesimuliwa mara nyingi. Lakini ni wachache wanaouliza juu ya vyombo vyenyewe. Nani alizibuni ndege hizo? Ziliundwa kwa nini? Na ilijulikanaje kwamba zaweza kumchukua mtu juu ya milima na bahari akafika salama? Maswali haya yafaa kuulizwa, kwa sababu ndani yake mna fundisho kwa kila mtu atengenezaye kitu cha kutumiwa na wenzake, iwe ni mkokoteni, daraja au nyumba.

JOZI MOJA YA MABAWA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndege ndogo nyingi zilikuwa na jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, zilizofungamanishwa kwa mihimili na nyaya. Rubani alikaa katika tundu lililo wazi, kichwa chake kikiwa nje. Mfano ulio maarufu ni ile Moth ya kampuni ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1925. Ilikuwa ndege nyepesi na nyepesi pia kuirusha, na bei yake haikuwa kubwa mno kwa watu wenye kipato kizuri. Watu wengi walijifunzia urubani katika ndege hiyo.

Hata hivyo ilikuwa na udhaifu mbili. Wa kwanza ni kwamba kila mhimili na kila waya unaopita hewani huzuiliwa na upepo. Mtu akitaka kulielewa jambo hili na ashike ufito mkononi na kuupitisha kwa nguvu katika maji ya mto. Ataona jinsi maji yanavyoung'ang'ania. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo, na nguvu nyingi za injini hupotea kwa kushindana nayo. Udhaifu wa pili ni baridi. Mtu wa Olenguruone, akaaye mahali palipo juu kiasi cha futi 8,000 na zaidi, hahitaji kuelezwa baridi ya alfajiri ilivyo. Na awaze kukaa saa nne katika baridi iliyo kali kuliko hiyo, upepo ukimpiga usoni kwa mwendo wa maili 80 kwa saa.

Ndipo wabunifu wa ndege walipoanza kutafuta ndege yenye jozi moja tu ya mabawa, na chumba kilichofunikwa ambamo rubani na abiria wake wangekaa kama watu wakaavyo ndani ya gari, bila miwani ya upepo wala makoti ya ngozi.

NDEGE YA MFANO

Kabla ya kueleza zaidi yafaa tufafanue neno moja. Ndege ya mfano ni ile ya kwanza kabisa iundwayo kwa ajili ya kujaribiwa, kabla ya kiwanda kuanza kuunda nyingine za kuuza. Mbunifu aweza kupiga hesabu mwezi mzima na kuchora picha mia, lakini karatasi haipeperushwi na dhoruba. Ndege ya mfano ndiyo inayokwenda kuuliza hewa yenyewe kama hesabu zile ni za kweli.

De Havilland walirusha ndege yao ya mfano ya namna hiyo mwezi wa Septemba, mwaka 1929. Ikaitwa Puss Moth. Ya kwanza ilikuwa na kiwiliwili cha mbao. Zile zilizofuata kwa ajili ya kuuzwa zilitiwa mifupa ya mabomba ya chuma. Bawa lilikuwa juu ya chumba, likashikiliwa kila upande na mihimili michache. Injini yake ilipinduliwa, silinda zikaelekea chini, hata rafadha ikawa juu zaidi ya ardhi, na rubani akaweza kuona mbele bila kuzibwa na vichwa vya silinda. Mbinu hiyo ya kuipindua injini ilionekana jambo dogo, lakini ilifuatwa katika ndege nyingi zilizokuja baadaye.

Mwaka ule ule wa 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, na Tom Campbell Black alikuwa miongoni mwa marubani wake wa kwanza. Puss Moth zikawa kati ya ndege za kampuni hiyo, zikichukua abiria na barua. Safari iliyomchosha mtu siku mbili kwa gari ikawa ya saa chache.

KASORO ILIYOJIFICHA

Lakini Puss Moth ilikuwa na siri ambayo ndege ya mfano haikuitoa. Tangu mwaka 1930 ndege kadhaa za namna hiyo zilivunjika hewani, katika nchi zilizo mbali mbali, zikawaua waliokuwamo. Tarehe 5 Mei, 1931, Puss Moth moja ilivunjika katika upepo mkali juu ya milima ya Drakensberg, Afrika ya Kusini. Waliokufa ni Glen Kidston, rubani na tajiri wa Uingereza, pamoja na Kapteni T. A. Gladstone. Huyu Gladstone hakuwa mgeni kwetu. Ndiye aliyejaribu mwaka 1927 kuanzisha safari za ndege za barua kati ya Khartoum na Kisumu, ndege ikitua juu ya maji ya Mto Nile na ya Ziwa Viktoria.

Wataalamu wa Uingereza waliichunguza habari hii kwa muda mrefu. Walifanya majaribio ya nguvu za mabawa, na majaribio mengine ndani ya chumba kinachovumishwa upepo. Walitambua kwamba ndege ikienda kasi katika hewa yenye misukosuko, bawa na mihimili yake huweza kuanza kutetemeka, na mtetemeko huo ukikua huvunja kila kitu kwa nukta chache. Dawa iliyotolewa haikuwa kubwa. Mihimili ilitiwa nguvu na kuongezewa kiungo kidogo cha kuizuia isitetemeke.

Mtu aweza kuuliza, je, ndege ya mfano haikujaribiwa? Ilijaribiwa, na marubani hodari. Lakini ilijaribiwa kwa maswali ambayo watu walijua kuyauliza wakati ule. Hewa ya milima ya Drakensberg iliuliza swali ambalo halikuwa katika orodha. Ndivyo ilivyo katika kazi zote za ufundi: jaribio lafaa kufuata mahali chombo kitakapotumika, wala si mahali kilipotengenezwa tu.

BOWA LISILO NA MHIMILI WA NJE

Katika siku hizo hizo palikuwa na Mwaustralia mmoja aitwaye Edgar Percival. Alizaliwa mwaka 1897, akawa rubani wa vita katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaendelea kurusha ndege na kushindana katika mashindano ya Uingereza. Alikuwa na ndege iitwayo Hendy 302, iliyobuniwa na Basil Henderson na kuruka mara ya kwanza mwaka 1929. Ndege ya namna hiyo iliundwa moja tu, wala haikupata wenzake. Hata hivyo haikupotea bure, kwani Percival aliyatumia mafunzo yake alipobuni ndege yake mwenyewe, aliyoiita Gull, maana yake shakwe, yule ndege mweupe wa baharini.

Gull ya mfano iliundwa Maidstone, katika jimbo la Kent, ikaruka mwaka 1932. Bawa lake lilikuwa chini ya chumba, wala halikuwa na mhimili hata mmoja wa nje. Jambo hili latakiwa kufahamiwa vizuri. Tazama boriti itokayo nje ya ukuta wa nyumba kushika paa la baraza. Ikiwa na nguzo chini ya ncha yake, boriti nyembamba yatosha. Nguzo ikiondolewa, mzigo wote waangukia pale boriti inapoingia ukutani, na hapo hapana budi iwe nene na imara. Bawa la Gull lilikuwa boriti ya namna hiyo. Karibu na kiwiliwili lilikuwa nene, likapungua kadiri lilivyokwenda nje, na nguvu zake zote zilikuwa ndani, zisionekane na mtu wala kuguswa na upepo.

Na boriti hiyo ilikuwa ya mbao. Mifupa ya ndege ilitengenezwa kwa mbao nyepesi za miti ya jamii ya msonobari, zisizo na fundo wala ufa. Juu yake zilibandikwa mbao nyembamba za plaiwudi, na mahali pengine kitambaa kilichovutwa na kupakwa dawa ya kukikaza mpaka kikalia kama ngozi ya ngoma. Siku zile gundi nyingi za ndege za mbao zilitengenezwa kwa maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa. Seremala yeyote wa Molo au Nakuru angeona kazi ile na kuitambua: randa, patasi, gundi na vibanio. Tofauti ilikuwa katika uangalifu. Kiti kikilegea mwenye nyumba hukaa chini akacheka, lakini kiungo cha bawa kikilegea hapana wa kucheka.

Mabawa ya Gull yaliweza kukunjwa kuelekea nyuma, ili ndege iingie katika banda dogo. Injini ya kwanza ilikuwa ya nguvu za farasi 130 tu. Mwaka ule ule wa 1932 Percival mwenyewe aliirusha ndege yake ya mfano katika mashindano ya Kombe la Mfalme, akapata mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 140 kwa saa. Watu walistaajabu kuona ndege yenye chumba na viti vitatu ikienda kasi namna ile kwa injini ndogo.

Percival hakuwa na kiwanda chake wakati huo. Gull 24 za kwanza za kuuzwa ziliundwa na kampuni ya Parnall huko Yate, karibu na Bristol, na baadaye kampuni ya Percival ikaanza kuunda zake Gravesend. Sifa ikaenea upesi. Mwaka 1933 Charles Kingsford Smith aliruka kutoka Uingereza hadi Australia katika Gull kwa muda wa siku saba na saa chache. Kisha ikatiwa injini ya Gipsy Six, yenye silinda sita na nguvu za farasi 200. Katika Gull ya namna hiyo Jean Batten wa New Zealand alivuka bahari hadi Brazili mwaka 1935, na mwaka 1936 akaruka kutoka Uingereza mpaka kwao.

KILA FAIDA INA BEI YAKE

Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha kazi ya mbunifu. Ndege ni mapatano. Ukitaka iende kasi, fanya bawa dogo. Lakini bawa dogo laitaka ndege itue kwa kasi, na kiwanja kiwe kirefu. Ukitaka ibebe watu wengi, ipanue. Lakini ukiipanua yazuiliwa na hewa. Ukitaka iende mbali, ongeza petroli. Lakini petroli ni mzigo, na ndege nzito haitaki kuiacha ardhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mbunifu huinama kila siku.

Mapatano hayo ni magumu zaidi kwetu sisi wa nyanda za juu. Njoro iko juu kiasi cha futi 7,000. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini isiyo na pampu ya kuisukumia hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, hata ile ya farasi 200 ikabakia na farasi 160 hivi. Rafadha nayo huchota hewa haba, na mabawa huchukuliwa na hewa haba. Kwa hiyo ndege hukimbia ardhini masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka, na jua la mchana likiwa kali masafa huzidi tena. Rubani aliyejifunza Uingereza, akifika hapa na kutegemea mazoea ya kule, aliweza kuikuta miti mwisho wa kiwanja kabla hajaitazamia.

Mwezi wa Novemba, 1935, Percival alirusha ndege nyingine ya mfano, aliyoiita Vega Gull. Ilitokana na Gull, lakini kiwiliwili kilipanuliwa kikapata viti vinne, na mabawa yakarefushwa ili kuchukua uzito ulioongezeka. Usukani ukawa wa watu wawili. Jambo kubwa zaidi ni kwamba nyuma ya bawa, upande wa chini, palitiwa vibao vya kushushwa wakati wa kutua. Vikishushwa, bawa hupata nguvu zaidi ya kuibeba ndege katika mwendo wa polepole, na wakati huo huo huizuia kama breki. Kwa njia hiyo mbunifu alipata kasi angani na upole wakati wa kutua. Aliinama, lakini safari hii alikipata cha mvunguni. Mwaka 1936 Vega Gull ilishinda Kombe la Mfalme.

TANGI LISILOPUMUA

Mmoja wa walioagiza Vega Gull ni Lord Carberry, mlowezi wa Nyeri aliyependa sana ndege. Ndege yake iliandikishwa Kenya kwa herufi VP-KCC. Alikubali kumwazima Beryl Markham ili ajaribu kuivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, kuelekea magharibi, upande ambao upepo humpinga rubani. James Mollison alikuwa ameivuka bahari hiyo peke yake kuelekea magharibi mwaka 1932, kwa Puss Moth, lakini alianzia Ireland. Hakuna aliyekuwa ameanzia Uingereza akafaulu.

Kwa ajili ya safari hiyo chumba cha viti vinne kilijazwa matangi ya petroli, na rubani akaachiwa nafasi yake tu. Redio haikuwamo. Ndege ikapewa jina la The Messenger, yaani Mjumbe. Jioni ya tarehe 4 Septemba, 1936, Bibi Markham aliondoka katika kiwanja cha Abingdon, akaingia katika usiku wa mvua na upepo. Hapakuwa na vipimo vya kuonyesha kiasi cha petroli katika yale matangi ya ziada. Ilimpasa aache tangi moja liishe kabisa, injini inyamaze juu ya bahari gizani, ndipo afungue lingine.

Baada ya zaidi ya saa 20 aliiona nchi kavu ya Kanada. Hapo injini ikaanza kukatika, ingawa tangi la mwisho lilikuwa bado na petroli. Akajaribu kutua katika kisiwa cha Cape Breton, mahali paitwapo Baleine. Pale alipopaona kuwa uwanja palikuwa bwawa la matope na mawe. Ndege ikachimba kwa pua yake, na mwenyewe akatoka na jeraha kichwani. Hakufika New York alikokusudia. Hata hivyo alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua.

Nini kilichoizima injini? Maelezo yaliyotolewa ni kwamba barafu iliziba kijitundu cha kupitishia hewa katika tangi la mwisho. Jambo hili latambulika na kila mtu aliyewahi kumimina maziwa kutoka katika kibuyu chenye shingo nyembamba. Kibuyu kikiinamishwa kabisa, maziwa hugoma kutoka, kisha hutoka kwa kukwama kwama, kwa sababu hewa haina njia ya kuingia kushika nafasi yake. Tangi la petroli ni vivyo hivyo. Lisipopumua, halimimini. Basi bawa lililobuniwa kwa akili nyingi, injini ya farasi 200, na moyo wa rubani aliyekesha usiku kucha, vyote vilishindwa na kijitundu ambacho hata kidole cha mtoto hakiingii.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ndege mambo hugeuka pia kinyume: usipozibua tundu, utapoteza chombo.

MASHINDANO YA JOHANNESBURG

Mwezi ule ule wa Septemba, 1936, palikuwa na matayarisho ya mashindano makubwa kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Johannesburg. Tom Campbell Black, ambaye mwaka 1934 pamoja na C. W. A. Scott alishinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, alikuwa aingie kwa ndege nyingine ya Percival, iitwayo Mew Gull. Hiyo ilikuwa ndogo sana, ya kiti kimoja, iliyobuniwa kwa ajili ya kasi kuliko kitu kingine chochote. Tarehe 19 Septemba, akiwa bado ardhini katika kiwanja cha Speke, Liverpool, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua iliigonga ndege yake, naye akafa. Hivyo mtu aliyeruka juu ya mabwawa na majangwa ya Afrika miaka mingi alipatwa na mauti pasipo hata kuinuka.

Ndege tisa ziliondoka Portsmouth siku kumi baadaye. Baadhi ziliharibika njiani, nyingine zilianguka, na maisha ya watu yakapotea. Iliyofika Johannesburg ni moja peke yake, nayo ilikuwa Vega Gull, ikirushwa na yule yule C. W. A. Scott pamoja na Giles Guthrie. Walitumia muda usiotimia saa 53. Haikuwa ndege yenye kasi kuliko zote zilizoondoka. Lakini ilikuwa imebuniwa kwa mapatano mema, na mapatano mema ndiyo yaliyofika.

MIKONO ISIYOANDIKWA

Ndege ya mbao haikomi kuhitaji mikono ya watu baada ya kutoka kiwandani. Gundi ya maziwa huchukiwa na unyevu. Ikipata maji na ukungu huoza. Mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kitambaa hupasuka kwa jua. Katika nchi kama yetu, yenye ukungu wa Mau asubuhi na jua kali mchana, ndege ya namna hiyo ilitaka kukaguliwa, kufutwa, kufunikwa na kulindwa na mchwa siku zote.

Kazi kama hiyo haifanywi na rubani peke yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1942, Beryl Markham amemtaja kwa heshima arap Ruta, aliyecheza naye utotoni huko Njoro, akamsaidia katika kazi ya farasi, kisha akamfuata katika kazi ya ndege. Jina lake limesalia kwa sababu rubani aliliandika. Vijana wengine waliosukuma ndege kutoka mabandani, waliochuja petroli kwa kitambaa ili maji na mchanga visiingie, na waliofukuza wanyama kiwanjani, hawakupata wa kuwaandika. Kila barua iliyofika salama ilipitia katika mikono yao pia.

MWISHO WA ZAMA

Vita vilipoanza mwaka 1939 zama za ndege hizo zilikoma. Wilson Airways ilisimamishwa, na ndege zake pamoja na marubani wake zikachukuliwa kwa kazi ya serikali. Vega Gull zilizokuwa zimeundwa zilifika 90, na nyingi zilitiwa jeshini. Lakini mbegu ya Maidstone haikufa. Mwezi wa Oktoba, 1939, iliruka ndege ya mfano iitwayo Proctor, iliyotokana na Vega Gull, kwa ajili ya kuwafundishia wanajeshi kazi ya redio. Proctor ziliundwa zaidi ya 1,100. Hivyo ile Hendy 302 iliyokuwa moja tu, isiyo na wenzake, ilipata wajukuu zaidi ya elfu.

Kiwanja cha Nairobi walikoanzia Wilson Airways chaitwa mpaka leo Wilson Airport, na ndege ndogo zenye jozi moja ya mabawa na chumba kilichofunikwa hupaa na kutua hapo kutwa. Zimekuwa za madini badala ya mbao, na gundi ya maziwa imesahauliwa. Lakini hewa ya nyanda za juu ingali nyepesi vile vile, na tangi lisilopumua lingali halimimini.

Kijana wa Olenguruone anayejifunza ufundi, akitengeneza kitu chake cha kwanza, asione haya kikionyesha kasoro. Kazi ya kitu cha kwanza ni hiyo. Haya ni kuificha kasoro, au kukijaribu chombo mahali pa raha tu, kisha kumkabidhi mwenzako akaende nacho mahali pa dhoruba. Glen Kidston na Kapteni Gladstone hawakupata nafasi ya kuonywa. Waliopanda Puss Moth baada yao, mihimili ikiwa imekwisha kutiwa nguvu, waliipata, na wengi wao hawakujua hata majina ya wale waliowanunulia usalama huo.